Nilimwandikia Mzungu, Kigoda cha Ukoo Kikatoweka

Nina umri wa miaka thelathini na saba, mama wa watoto wawili, naishi Mkuyuni hapa Mwanza. Kazi yangu ni kutengeneza vitu vya kale vilivyoharibika: ngoma, vinyago, viti vya watemi... Naandika haya nikiwa na aibu.

Bibi Kabula wa Igoma alikuwa anatunza kigoda cha ukoo wao, ambacho kila mrithi hukalishwa juu yake siku ya kutawazwa. Kilikuwa kimepasuka. Kwa mila yao, chini ya kigoda kuna alama zilizochomwa kwa moto, na mgeni haruhusiwi kuziona. Anayetumwa kukichukua lazima azitaje, ndipo akabidhiwe. Bibi alinigeuzia nikague ufa, kisha akanishika mkono. "Umeona wewe, mwanangu. Basi siri ibaki kwako." Niliapa!

Ufa ule ulinishinda, nikakiacha kwake kwanza. Wakati huo barua pepe ndiyo kwanza imeingia Mwanza, na rafiki yangu Stela alikuwa amepata kazi kwenye ofisi ya kuzituma, mjini. Tulisoma darasa moja, tena ndiye mama wa ubatizo wa binti yangu Neema. Mimi kompyuta sikuijua. Niliandika kwa mkono, kwa Kiingereza changu cha shule, yeye akachapa na kumtumia mtaalamu mmoja wa Ulaya.

Jibu lilikuja kesho yake! Jamani, mimi niliyezoea kungoja barua mwezi mzima... kichwa kilivimba. Mtaalamu akaomba nimweleze kigoda pande zote, hata chini. Nikaandika kila alama. Nilijiambia, yuko mbali, atanidhuru nini? Sikumfikiria aliyekaa katikati yetu, anayesoma kila neno.

Wiki mbili baadaye nilikwenda Igoma na gundi niliyoelekezwa. Nikamwamkia Bibi shikamoo.

"Marahaba. Kigoda changu kinaendeleaje huko kwako?"

Kwangu? Nikamwuliza nani amekichukua! Alisema bwana mmoja mtanashati alikuja, akasema nimemtuma, akazitaja alama zote bila kukosea. Bibi akamkabidhi kwa mikono yake miwili. Yule bwana akamwachia na "barua yangu". Bibi hajui kusoma... akanipa nimsomee. Ilikuwa ile karatasi niliyompa Stela achape. Mwandiko wangu mimi!

Nilimfuata Stela kazini. Hakubisha. Alisema yule bwana ni mfanyabiashara wa vinyago, alimbembeleza hadi akampa karatasi yangu. "Mbona vigoda viko vingi tu, mama Neema?" Miaka yote tumekula sahani moja, ndilo jibu lake hilo? Nililia mbele ya wateja. Polisi tulikwenda mimi na Bibi, lakini kigoda hakijaonekana hadi leo.

Mtaalamu wa watu hakuwa na kosa. Stela alinisaliti mimi, lakini mimi nilikuwa nimeshamsaliti Bibi.

Ndugu msomaji, hasa wewe mwenye kazi kama yangu, kompyuta ni nzuri, itakukutanisha na fundi wa ng'ambo. Lakini kabla hujaandika, jiulize: jambo hili ni la kwangu? Ulichoonyeshwa kwa sababu ya kazi yako si chako kukituma. Nakuomba, usipite nilikopita mimi!

Mwezi uliopita mrithi wao alitawazwa. Nilisimama nyuma kabisa. Walimkalisha kwenye kiti cha plastiki, na Bibi Kabula akakitandika kanga ili wageni wasikione.