Chembe ya Chuma Jichoni

Kila alasiri, akishaosha vyombo, Chiriku alikimbilia karakana ya baba yake, fundi seremala, nyuma ya nyumba. Jina hasa la mtoto huyu lilikuwa jingine, lakini kwa mdomo ule usiojua kupumzika, nani angemwita vingine? Juma lile alikuwa akitengeneza gari dogo la mbao la mashindano ya shule. Magari hayo hayana injini. Huteremshwa tu juu ya ubao ulioinama, na ushindi uko kwenye ekseli, yaani vyuma ambavyo magurudumu huzungukia.

Ekseli zenyewe ni misumari minne. Chini ya kichwa cha msumari hubaki vinundu vya chuma, navyo hukwaruza gurudumu. Kwa hiyo msumari hufungwa kwenye drili, na unapozunguka hupitishiwa tupa, kisha msasa laini. Mwisho hupakwa unga wa risasi ya penseli ili gurudumu liteleze. Mafuta hayafai, maana hunasa vumbi.

"Drili bila miwani ya kazi, sitaki," baba alikuwa amesema, tena si mara moja.

Siku hiyo baba alikuwa kwa mteja. Miwani ilikuwa na ukungu, Chiriku akaivua. Alipokuwa kwenye msumari wa tatu, kitu kikamchoma jicho la kulia. Alifikicha, machozi yakamtiririka, lakini hakuthubutu kumwita mtu. Baba akijua, mashindano ya kesho asahau.

"Ni unga wa penseli tu," alijidanganya, na unga wenyewe alikuwa hajaugusa.

Wakati wa chakula cha jioni alikaa ameinamisha uso. Kila alipopepesa, jicho lilikwaruza. Akaliziba jicho zima kwa kiganja ajaribu kuona kwa lile bovu. Taa ikawa ukungu mtupu. Akasukuma sahani kando.

"Leo Chiriku kameza ulimi?" kaka yake alitania.

Mama hakucheka. "Hebu nitazame, mwanangu."

"Nina usingizi tu, mama."

"Usingizi wa jicho moja?"

Hapo Chiriku akashindwa kujizuia. "Mama, naogopa. Nitapofuka." Akaeleza yote, akilia. Baba hakufoka. Alivaa viatu, na wote watatu wakatoka.

Kwenye zahanati, daktari alimtia dawa ya ganzi jichoni, akammulika, akatoa chembe ya chuma ndogo kuliko punje ya chumvi.

"Jicho litapona," alisema. "Lakini mngechelewa, kutu ingelila."

"Ajali haina kinga," Chiriku alinong'ona.

"Hii ilikuwa nayo," baba alijibu. "Uliivua."

Njiani kurudi, jicho likiwa limefungwa bandeji, Chiriku aliuliza kwa sauti ndogo, "Na mashindano?"

"Hutakwenda," mama alisema. Akamwacha alie kidogo, kisha akamshika mkono. "Mficha maradhi, kilio humuumbua. Kuvua miwani ni kosa, lakini kunyamaza ndiko kungekupofusha. Ukiumia, sema, hata kama umekosa. Gari likiharibika, baba yako atakusaidia kuchonga jingine. Jicho hajui kulichonga."