Gunia Lenye Joto

Tangu msimu wa waridi uanze, Itto hakumbuki siku aliyoamka usingizi umemwisha. Alfajiri mama yake, Tuda, humvuta blanketi, nao huenda kondeni kuchuma maua kabla ya jua kuwa kali. Akirudi, vidole vikimwasha kwa miiba, hubeba sinia la unga uliokandwa na kulipeleka kwenye tanuri la kijiji. Jumapili hiyo hakukuwa na shule, lakini waridi halijui Jumapili.

Njiani aliwakuta wanawake wa ushirika wa marashi wamesimama uani, sauti juu. Mpira wa mfuniko wa mtambo wa kuchemshia waridi ulikuwa umekatika, na mvuke wote ulikuwa unatoroka. Fundi wa mjini alikuwa ameahidi kuleta mpira mwingine alasiri. Magunia thelathini ya maua yalikuwa yamerundikwa pale.

"Sasa mwenyekiti, tunafanyaje?" aliuliza Hadda, mwanamke mwenye ulimi mkali.

Tuda alikuwa na miezi miwili tu katika uenyekiti. Alijifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Tumsubiri Bi Ijja, mzee wetu. Hatujawahi kuamua jambo bila yeye."

"Bi Ijja kaenda mazikoni ng'ambo ya mto! Haya, subirini. Maua yakioza leo, mimi kesho narudi kwa dalali. Anatupunja, lakini anachukua asubuhi hiyohiyo."

Wengine wakaguna kumuunga mkono. Tuda alijua wakiondoka watano, ushirika umekwisha.

Itto alilitazama sinia lake. Marehemu bibi yake alikuwa akichemsha waridi nyumbani, na mfuniko wa chungu aliuziba kwa unga wa mkate uliokandwa. Alifungua mdomo, akaziona zile nyuso zilizokunjamana, akaufunga. Watanicheka, aliwaza. Tena, kusema kweli, alikuwa amechoka. Alikaa juu ya gunia moja, akasikia joto likipanda kutoka ndani. Alijua vizuri kwamba maua yaliyorundikwa yakipata joto yanaanza kuharibika. Lakini lile joto lilikuwa tamu mgongoni. Nitasema baadaye kidogo, alijiambia, na usingizi ukamchukua.

Aliamshwa na harufu mbaya. Jua lilikuwa juu, wanawake bado wanabishana.

"Mama! Magunia yanaungua ndani! Bibi alikuwa anaziba mfuniko kwa unga, na mimi unga ninao!"

Hadda akacheka. "Mtoto huyu! Tunatengeneza mtambo, hatupiki mkate."

Tuda hakucheka. Alitia mkono ndani ya gunia mpaka kwenye kiwiko, akautoa upesi. Akatazama barabara. Hakukuwa na mtu.

"Lete sinia. Mambo yakiharibika, nilaumuni mimi."

Waliuviringisha unga ukawa kamba ndefu, wakauzungusha kwenye ukingo wa mfuniko. Mvuke ulifoka hapa na pale, wakaongeza unga. Taratibu ukaiva, ukakauka, na kufoka kukakoma. Baada ya muda tone la kwanza la marashi likaanguka kwenye chupa. Hata Hadda alishusha pumzi.

Bi Ijja alifika adhuhuri, miguu imejaa vumbi. "Mlikuwa mnanisubiri mimi? Mimi ningefanya nini, niukalie mfuniko?" Walicheka kicheko cha watu waliochoka.

Magunia saba yalimwagwa mtaroni, maua yamekuwa rangi ya kahawia. La kwanza lilikuwa lile alilolalia Itto. Lilikuwa na utepe mwekundu mdomoni, nao aliufunga yeye mwenyewe alfajiri. Akalia.

Tuda akakaa chini karibu naye. "Nyamaza, mwanangu. Mimi nilimwogopa Bi Ijja, wewe uliogopa kuchekwa, na dawa tulikuwa nayo tangu asubuhi. Anayeongoza watu hangoji kila mtu awepo ndipo aokoe kazi yao. Na mwenye wazo aliseme lingali na faida."

Mchana huo walikula dengu bila mkate.

Kesho yake alfajiri, mtambo ukiwa na mpira mpya, Itto alipita akitia mkono katika kila gunia, macho mekundu kwa usingizi.

"Hili limeanza kupata joto! Anzeni na hili!"

Hadda ndiye aliyelibeba hadi mtamboni.