Nguzo Nne za Uwanja wa Marsalina

Zama zile miji ya Bahari ya Kati ilipokuwa ikibadilisha watawala kama kanzu, mji wa Marsalina ulizingirwa siku arubaini, kisha njaa ikaufungua malango. Aliyeingia alikuwa Gualtieri, jemadari wa Kinormani, mwenye deraya ya pete za chuma na upanga mrefu uliomgonga goti kila alipopiga hatua. Siku ya pili akamwita uwanjani Khalafu bin Wadi, mwashi mkuu, mzee mfupi mwenye kidole gumba kilichopinda kwa kupigwa nyundo.

Uwanjani palisimama nguzo nne za marumaru. Warumi walizijengea hekalu, Wagiriki wakazifanya kanisa, na mababu wa Khalafu wakazifanya msikiti. Kila aliyekuja aliezeka paa lake, lakini nguzo hakuzigusa.

"Ziangushe," akasema Gualtieri. "Nataka mahali pa kupangia farasi."

"Bwana mkubwa, miguu ya nguzo hizi imeshuka mpaka ndani ya birika kuu la maji ya mji, chini ya mawe haya tunayoyakanyaga. Ndizo zinazoushikilia uwanja. Zikitoka, farasi wako watatumbukia na mji utakosa maji."

"Unautetea msikiti wako tu."

"Naupenda, sikufichi. Na maji nayapenda vilevile."

"Ukiwa umenidanganya, utauhama mji huu."

Neno hilo lilimchoma Khalafu. Alizaliwa nyumba ya tatu kutoka uwanjani, na mkewe alizikwa nyuma ya ukuta wa msikiti. Lakini waashi wa Marsalina walikuwa na desturi yao: mwashi akitoa neno juu ya jengo, husimama chini yake siku ya kulijaribu. Aliyekataa hakupewa kazi tena, hata ya banda la mbuzi.

"Basi fungeni ng'ombe wavute nguzo moja," akasema. "Mimi nitakuwa chini. Nawe bwana, kama nasema uongo, huna la kuogopa. Tushuke sote."

Askari wakatazamana. Gualtieri hakuwa mwoga, wala asingekubali kudhaniwa mwoga. Akashuka.

Maji yaliwafika kiunoni. Taa ya Khalafu ikamulika viganja vilivyochongwa kwenye mguu wa nguzo, kila kimoja na jina chini yake: Kirumi, Kigiriki, Kiebrania, Kiarabu.

"Ni vya nani?" jemadari akauliza.

"Vya waashi walioutengeneza. Walisimama hapa tuliposimama."

Juu, kamba zikakazwa. Nguzo ikaguna. Vumbi la chokaa likamwagikia chapeo ya jemadari, kisha jiwe kubwa kama mkate likaanguka majini baina yao. Khalafu aliogopa, ila hakusogea.

Gualtieri akapiga ukelele wasimamishe.

Walipotoka, wameloa chapachapa, jemadari akamvuta kando. "Umesema kweli, nguzo zitabaki. Wewe huwezi kubaki. Watu wangu wamenisikia nikipiga ukelele wa hofu; kila wakikuona watakumbuka."

Khalafu akatokwa na machozi, na hakuyaficha. "Nipe saa moja na patasi yangu," akasema, akarudi chini.

Adhuhuri alitoka langoni na mfuko wa zana begani, akaelekea bandarini.

Bamba la marumaru uwanjani linamsifu Gualtieri kwa hekima ya kuzihifadhi nguzo. Khalafu halimtaji. Ila kila birika linapokaushwa, wasafishaji huweka mikono yao juu ya vile viganja kabla ya kushika mafagio. Cha mwisho, chenye kidole gumba kilichopinda, kimelainika kuliko vyote.