Shujaa wa Mkunga

Duka la kutoa kopi lilikuwa limefurika, watu wamebanana hadi mlangoni, mashine zinanguruma, na mwenye duka anagawa karatasi bila hata kuangalia anampa nani. Ndiyo maana mkunga, aliyefuata kopi ya ratiba ya zamu, alijikuta anasoma: "Jina: Paka Moshi. Uwezo: kupita ukutani. Udhaifu: hawezi kumkatalia mtu."

"Samahani dada, huyo ni wangu," ilisema sauti nyuma yake.

Akageuka. Kijana mtanashati, shati la bluu limenyooshwa kwa pasi, ila miwani imekaa upande.

"Wako? Umemwoa?"

"Nimemtunga. Tunacheza mezani na wenzangu. Kila mtu anaigiza shujaa wake mwenye nguvu za ajabu, mimi ndiye msimulizi. Na kwenye karatasi hii niliyopewa naona nimepangiwa wodi ya wazazi Jumatano."

Mkunga akacheka, akamnyang'anya ratiba yake. "Na kazi yako ya kweli?"

"Fundi miwani."

"Hebu toka hapa! Fundi miwani, yako imepinda hivyo?"

Haukupita mwezi, simu zikawa haziishi. "Umekula, laazizi?" "Nimekula, ila sijashiba sauti yako." Upuuzi mtupu, lakini nani kati yetu hajawahi? Jumamosi mchana mkunga alivua sare nyeupe, akavaa gauni lake la manjano, akaenda chumba cha nyuma cha duka la miwani kucheza. Akamleta na mdogo wake wa kiume, dereva wa lori, pande la mtu, kete zinapotea kiganjani mwake. Ndiye ndugu pekee aliyebaki naye tangu mama yao afariki.

"Mchezo mpya ukiisha," fundi alimwambia siku moja, "nakuja kwa huyo shemeji kujitambulisha rasmi."

"Usinichezee."

"Haki ya Mungu."

Sasa, fundi alikuwa na utaratibu wake. Kabla ya kuanza mchezo mpya alikaa na kila mchezaji peke yake, daftari pembeni, akimuuliza swali moja: ni kitu gani kinakuuma kweli? Alisema shujaa asiye na kidonda hachezeki. Zamu ya mkunga ilipofika, alifunga mlango kwanza.

"Mama alipozidiwa, daktari aliniuliza tumuweke kwenye mashine ya kupumulia au tumuache apumzike. Mdogo wangu alikuwa njiani. Nikasema aachwe. Kisha nikamdanganya kwamba mama alifariki kabla daktari hajafika. Mpaka leo hajui."

Fundi akamshika mkono. "Pole, mpenzi wangu. Pole sana."

Angeishia hapo! Lakini kichwa cha mtunzi hakitulii. Wiki mbili alipanga, akafuta, akapanga tena. Alitaka mchezo uulize jambo zito: je, shujaa ana haki ya kuamua kwa niaba ya mtu asiyekuwepo? Akampa mkunga shujaa anayeweza kushika pumzi za watu. Akatunga bibi mgonjwa, mashine moja, na mtoto wa bibi aliye njiani. Aliamini kabisa anampa mpenzi wake zawadi. Mimi ningekuwepo ningemzaba kibao.

Jumamosi wakakaa mezani. Fundi alisimulia vizuri mno siku hiyo, sauti ya chini, macho yanang'aa.

"Mtoto wa bibi bado yuko njiani. Mshika Pumzi, unaamuaje?"

Mkunga hakugusa kete. Machozi yakamtoka.

"Dada, mbona unalia? Si mchezo tu?" Kisha dereva akaweka kete chini. Alimtazama dada yake, akamtazama fundi, akarudi kwa dada yake. "Mimi nilifika saa nane. Mama alifariki saa ngapi?"

"Saa saba na nusu."

"Na daktari alifika saa ngapi?"

"Saa tano," alinong'ona.

Dereva aliinuka, akatoka, hata kofia yake akaisahau.

Siku nne simu ya fundi haikupokelewa. Ya tano akaenda kusimama kwenye geti la hospitali asubuhi, zamu zikibadilishana. Mkunga alipotoka alikuwa amechoka, macho yamevimba.

"Shemeji anaendeleaje?"

"Amenisamehe. Alilia siku mbili, jana akaja nyumbani akasema hata yeye angekataa ile mashine."

Fundi akashusha pumzi. "Alhamdulillahi. Basi laazizi, na sisi..."

"Sisi basi."

"Nimekosa, najua. Naacha mchezo leo hii, madaftari yote nachoma!"

"Nani kakwambia uache? Mchezo nilikuwa naupenda." Alijifuta uso kwa kiganja. "Nilipokueleza habari za mama, ulinishika mkono. Nikadhani unanisikiliza, kumbe unapanga. Sasa kila nikitaka kukwambia jambo, nitajiuliza utalipeleka wapi. Siwezi kuishi hivyo na mume."

"Nilitaka waone ulivyo jasiri."

"Najua ulikuwa na nia njema, na ndiyo inayoniuma. Ungeniuliza, ningekubali."

"Ungekubali?"

"Ningekaa na mdogo wangu jikoni kwanza, sisi wawili, nimwambie mwenyewe. Halafu Jumamosi tungekuja wote kucheza."

Aliaga kwa heshima, kama anavyoagwa mtu wa kawaida, akavuka barabara. Fundi alibaki pale getini, wauguzi wakimpita kushoto na kulia. Wiki mbili nzima alizokuwa akipanga, angeweza kuuliza.