Unyayo wa Tasnim

Kama hujawahi kupotelewa na mtoto dukani siku ya Jumamosi, usijifanye unaijua hofu. Mize alikuwa anachagua majimbi katika duka la Wachina la Langley Park, Marekani, watu wa kila taifa wakipigana vikumbo na vigari vyao, na alipogeuka kumpa Tasnim mfuko ashike, Tasnim hakuwapo. Majimbi yakaanguka. Mtandio wake wa zambarau ukamteleza mabegani, naye hakujali.

"Tasnim! We Tasnim!"

Akapita kwenye magunia ya mchele, akapita kwenye mabakuli ya udongo, akamkanyaga mzee mmoja bila kuomba radhi. Mwanawe alikuwa mbele ya matangi ya samaki hai, ameketi juu ya mabega ya mwanamume mrefu mwenye shati jeupe, mikono imekunjwa hadi viwikoni. Mwanamume yule alikuwa anabishana na muuza samaki kwa Kichina. Wala hakuwa anababaisha. Alibishana kama watu wanavyobishana sokoni Darajani, kwa mikono na kwa nyusi, na muuza samaki anacheka mpaka machozi.

"Niteremshie mwanangu!" Kiswahili kilimtoka Mize chenyewe.

Bwana yule akageuka, akamshusha mtoto polepole. "Samahani, bibie. Alikuwa analia. Nilimnyanyua ili umwone kwa mbali."

Mize akaduwaa. Kiswahili cha mjini Unguja, kimenyooka, kinatoka kinywa kile kile.

"Wewe wa wapi?"

"Mkunazini. Naitwa Fawaz. Na wewe, kwa kelele hizo, wa Pemba."

"Nani kakwambia Wapemba wana kelele?"

"Hukujisikia?"

Mize alitaka kununa, akacheka. Lakini hapo hapo swali likamwingia: mtu anayejua lugha isiyojulikana na yeyote katika watu wetu, si anaweza kusema lolote mbele yako na usijue? Majimbi aliyaokota, lile swali akaondoka nalo.

Fawaz alikuwa amesomea uhandisi China, katika mji unaoitwa Zhenjiang, ambao yeye aliuita mji mdogo, mji wa siki. Sasa alikuwa na kazi Falls Church, katika ofisi ya vijana waliokuwa wakizitengeneza kompyuta zisije zikachanganyikiwa mwaka elfu mbili ukiingia. Mize alikuwa keshia wa duka la dawa. Simu zikaanza, kwanza za salamu, kisha zisizokuwa na sababu yoyote.

"Umekula, laazizi?"

"Nimekula. Wewe umekula na nani?"

"Na ukuta."

"Huo ukuta una jina?"

"Mize, jamani! Wewe ungefaa polisi."

Msimcheke. Baba yake Tasnim alitangulia Toronto akasema, "Subirini, naandaa mahali, nitakuiteni." Akamwita mwanamke mwingine. Talaka ya Mize ilimfikia kwa mdomo wa binamu, kwenye simu iliyokuwa ikikatikakatika, na mtoto akiwa bado ananyonya. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na neno lililomshtua Mize lilikuwa "subiri".

Chelagat, Mkenya aliyefanya naye kazi, hakumsaidia.

"Mimi nakushow, huyo jamaa ako na bibi huko China," alisema wakipanga dawa za mafua kwenye rafu. "Mwanaume amepita miaka thate faivu, hana bibi, hana mtoto, halafu ati anapika? Anapika nini, Mize? Anakupika wewe!"

Mtu wa kumwuliza angekuwa Ami Sheikhan, ndugu wa baba yake, aliyemlea Wete na akamleta Marekani. Lakini binti gani wa Kipemba atamwambia ami yake kwamba anaongea na mwanamume kwenye simu? Mize akafunga mdomo, akamlinda mwanawe kwa macho.

Jumapili moja walikuwa kwenye gari, barabara kuu ya Beltway, Tasnim amesinzia kiti cha nyuma, simu ya mkononi ya Fawaz ikalia. Sauti ya mwanamke ilisikika hata kwa aliyeketi pembeni. Fawaz akacheka, akaanza Kichina chake, na katikati ya maneno yale yanayopanda na kushuka, Mize akasikia neno moja analolijua: Tasnim. Likaja tena. Tasnim.

"Nani huyo?" alimwuliza simu ilipozimwa.

"Mwalimu Zhou. Ndiye aliyenifundisha lugha."

"Anamjuaje mwanangu?"

Fawaz alitazama barabara kuliko barabara ilivyohitaji. "Nilimsimulia tu, mpenzi."

"Ulisimulia nini cha kurudiwa mara mbili?"

Fawaz akawasha redio. Njia nzima Mize alikuwa amegeuza shingo, anamwangalia mtoto wake akilala.

Ikaja Ramadhani, ikaja Idi, na theluji nyembamba juu ya magari. Asubuhi ya Idi Mize alimvika Tasnim gauni la manjano lenye marinda, akamkalisha kitandani amvishe soksi. Mtoto akauvuta mguu akicheka.

"It tickles! Like when Uncle Fawaz did it."

"Uncle Fawaz alifanya nini?"

"He drew my feet. On paper. When you were folding the clothes, at the laundry." Tasnim alielewa Kiswahili chote, akajibu Kiingereza chote. "It's for China, Mommy. It's cold in China."

Kwa asiyekulia Pemba, mguu uliochorwa ni mguu uliochorwa tu. Mize alifundishwa na bibi yake kufuta wayo wake mchangani kila apitapo mbele ya nyumba fulani, kwani anayeuchukua unyayo wako amekuchukua wewe. Alikuwa mtu mzima, ana kazi, anapanda treni na kusoma magazeti, na alijua haya ni mambo ya kizee. Hata hivyo akaiacha soksi kitandani. Akainua simu.

"Idi njema, laa—"

"Nyayo za mwanangu ziko wapi?"

"Nyayo?" alisema Fawaz, na swali lile likamhukumu.

"Ziko wapi, Fawaz?"

"Zimekwenda China, kwa Mwalimu Zhou. Mize, nisikilize. Siwezi kukueleza sasa hivi, nimekatazwa. Subiri kidogo tu."

Katika maneno yote ya Kiswahili, akalichagua hilo.

"Umekatazwa na nani? Na mkeo?"

"Sina mke!"

"Basi irudishe miguu ya mwanangu, na usinipigie tena."

Alipiga. Jina lake lilitokea kwenye kile kiboksi kinachoonyesha nani anapiga, na Mize akaliangalia mpaka mlio ukakoma. Alimwambia mlezi wa Tasnim asimkabidhi mtoto kwa mtu mwingine yeyote. Alimpenda bado yule bwana, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Hata Chelagat alilegea. "Ungemwacha tu aongee, my dear. Labda si bibi. Labda ni mama tu." Mize akamwambia apange dawa.

Baridi ikapungua, Idi Kubwa ikafika, na Ami Sheikhan akampigia aje nyumbani kwake Falls Church na mtoto, kuna jambo. Mize alivaa gauni la kijani la hariri, hina miguuni, akaingia sebuleni kwenye harufu ya udi na biriani. Fawaz alikuwa ameketi kwenye kochi, kanzu nyeupe, kofia ya kiua, mfuko wa karatasi miguuni.

Mize akamvuta Tasnim nyuma ya gauni lake.

"Kaa, mwanangu," alisema Ami Sheikhan, mzee mnene mwenye furaha ya mtu anayetoa zawadi. "Huyu bwana, tunayesali naye msikitini, kaleta posa yako tangu Shaabani. Mwezi wa nane anahamia China, kufundisha chuo alichosoma, na anataka kukuchukueni wewe na mtoto, kwa ndoa. Nimewauliza kaka zako Wete, nao wameuulizia ukoo wake. Imechukua muda, simu zenyewe unazijua. Alhamdulillahi, tumekubali."

"Mmekubali," alisema Mize.

"Tumekubali."

"Na mimi, Ami? Nimekubali?"

Mzee akatabasamu. "Ndiyo maana nilimkataza asikwambie neno. Mwari haposwi kwa mdomo wa mwanamume anayemtaka. Nilijua nikikwambia mimi utainama, utanyamaza, na kimya ndiyo ridhaa."

"Ami, si wewe uliyenisomesha? Mwari ndiye ambaye ridhaa yake ni kimya. Mwanamke aliyekwisha kuolewa huulizwa, na husema mwenyewe kwa kinywa chake. Mimi nina talaka, nina mtoto anayevunja vikombe vyangu. Ni mwari wa wapi?"

Ami Sheikhan akainua kikombe cha kahawa kilichokwisha kahawa.

"Hilo kweli," alisema taratibu. "Mimi nikikutazama namwona yule mtoto wa Wete. Nimekosea."

Mize akamgeukia Fawaz. "Na wewe! Unaniacha nikudhanie mwizi wa watoto? Nikudhanie mchawi?"

"Nilimpa mzee neno langu. Nilidhani ndiyo adabu. Sijapata kuposa, Mize, ningejuaje? Kila siku nilifikiri kesho atajibu." Akafungua mfuko, akatoa viatu viwili vidogo vya pamba nene, vyekundu, vimetariziwa uso wa chui kwa mbele. "Hizi ndizo nyayo. Mama yake Mwalimu Zhou huwashonea viatu vya baridi watoto wa mtaani kwake. Nilipowaambia natarajia kuja na mtoto, bibi akasema, leteni mguu wake. Huko ndivyo mgeni mdogo anavyopokewa."

Mize hakuvishika. "Utatangulia uandae mahali?"

"Hapana. Ndege moja. Chuo nimewaambia, watu watatu au nisiende."

"Wangapi wanasema Kiswahili huko?"

"Tukifika? Watatu."

"Nikichoka na siki yao?"

"Tutarudi. Na ukitaka sana kujua ninachosema na watu, nitakufundisha Kichina. Neno la kwanza nitakalokufundisha ni 'mwongo', upate la kunitukania."

Mize aliuma mdomo asicheke mbele ya ami yake.

"Sasa nakuuliza wewe mwenyewe," alisema Fawaz, na sauti yake haikuwa na mzaha tena. "Mize, utakubali nikuoe?"

Badala ya kujibu alimkalisha Tasnim zuliani, akachukua kiatu kimoja, akamvisha. Kisigino hakikuingia. Akajaribu tena.

"It's too small, Mommy."

Fawaz akainamisha kichwa. Wakubwa walikaa na siri zao tangu Shaabani, na mtoto hakuwangoja, akakua.

"Ami," alisema Mize, "nipe karatasi na kalamu."

Akaweka mguu wa mwanawe juu ya karatasi, akauzungushia kalamu mwenyewe, kidole kwa kidole, Tasnim akijikunyata kwa kutekenywa. Kisha wa pili.

"Ndiyo jibu hilo?" aliuliza mzee.

"Huo ni mguu tu, Ami. Jibu langu hili nalisema: nimekubali. Tutakwenda naye. Pasipoti na tiketi zote nitazishika mimi."

"Zote," alisema Fawaz haraka.

Mize akavua kandambili yake, akaweka mguu wake wenye hina juu ya karatasi safi, akamnyooshea Fawaz kalamu. Ami Sheikhan akagundua kuna kitu cha kutazama dirishani.

"Chora na wangu," alisema Mize. "Mwambie bibi kwamba huu haukui tena."