Gari la Viti Viwili

WIKI MBILI KABLA. Saa nne asubuhi.

Kiranja alichora mpango kwa chaki kwenye mlango wa friji bovu. Chumba cha nyuma ya gereji hakikuwa na ubao, na Kiranja bila ubao hawezi hata kuiba.

"Hili duka la sonara. Hili geti. Hili gari. Hawa ni sisi." Akachora miduara mitatu mbele ya duka, mmoja mnene. Mingine mitatu akaichora ndani ya gari. "Maswali?"

Shemeji akanyoosha mkono. Kunyoosha mkono ilikuwa sheria. Kiranja aliwahi kuwa kiranja wa darasa, akaonja utamu wa kuandika majina ya wapiga kelele, na tangu siku hiyo hakupona.

"Sema."

"Huo mnene ni mimi?"

"Ni wewe."

"Mbona umenizidishia?"

"Ningekupunguza, chaki ingenisuta."

Spana, fundi wa gereji hiyo, alikaa juu ya tairi huku mgongo ukimuuma, akisikiliza kwa heshima ile ya mtu aliyesimamishwa juani kumngoja mgeni rasmi. Alikuwa amechoka. Alichoka na chaki, alichoka na miduara, alichoka na kazi "ya mwisho kabisa", maana za mwisho kabisa zilikuwa zimeshapita kadhaa.

Mpango haukuwa mgumu. Saa sita mchana sonara hufungua sefu. Akishtuka hubonyeza kitufe kwa mguu, na geti la chuma hushuka. Shemeji, mdogo wa mke wa Spana, aliyezeeka akibeba magunia sokoni, atalizuia kwa mabega. Kiranja atazoa dhahabu na kupita chini ya kwapa lake. Spana atawangoja nje.

"Na gari lipi?" aliuliza Spana, ingawa alijua.

Chaki ikaelekea uani.

Gari hilo Spana alilijenga kwa mikono yake, miaka saba. Fremu ya mabomba ya mraba. Bodi ya faibaglasi, rangi ya kupaka kwa brashi. Milango miwili isiyofanana, kwa sababu wa kushoto aliutengeneza akiwa na homa. Nyuma ya viti, injini ndogo ya pikapu marehemu. Mkewe aliliita mke mwenza, na hakuwa akitania sana.

"Hilo halikimbii."

"Litakimbia. Nimekuletea zawadi."

Kiranja akavuta turubai. Chini yake ililala injini kubwa, na ubavuni mwake turbo: konokono wa chuma anayekunywa moshi wa ekzosi na kuisukumia injini pumzi mpaka iwe na wazimu. Spana alichuchumaa. Akaingiza kidole, akauzungusha upanga wa feni ya ndani. Ukazunguka bila kukwaruza, kimya, kama usingizi.

"Kazi ikiisha, gari lako, injini yako," Kiranja akasema. "Nami hutaniona tena."

Watu hununuliwa kwa mashamba na kwa vyeo. Spana alinunuliwa kwa konokono.

WIKI MOJA KABLA. Mchana.

Injini ilikataa kuingia. Spana akakata fremu, akachomelea vikalio vipya vya kuibeba, akavuta bomba la oili hadi kwenye turbo. Kikabaki kipozeo, mfano wa rejeta ndogo, cha kupoza ile hewa kabla haijaingia kwenye injini. Kilitaka nafasi, na nafasi ilikuwa moja.

"Kiti cha nyuma kitoke," Kiranja akasema.

Shemeji ndiye aliyekuwa karibu. Akainama, akafungua bolti nne, akakibeba kiti hadi ukutani. Halafu akakikalia, maana alikuwa amechoka.

"Sasa mimi nitakaa wapi?"

Kiranja akamtazama. Shemeji akakumbuka, akanyoosha mkono.

"Utajibana juu ya mzigo. Safari fupi."

"Haya."

Spana aliitazama ile nafasi. Bomba la ekzosi lingepita hapo, jekundu kwa moto. Paka asingekaa hapo hata kwa kulipwa samaki. Akaenda kunawa mikono, akapita mbele ya friji. Dukani miduara ilikuwa mitatu. Ndani ya gari miwili. Wa tatu ulikuwa umefutwa kwa kidole, na alama ya kidole ilikuwa bado pale.

Jioni mkewe alimwekea chakula, akabaki amesimama.

"Siulizi mnakwenda wapi. Nikiuliza utadanganya, na wewe kudanganya hujui, utanichosha bure. Ila mdogo wangu nirudishie mzima. Mama alimwacha mikononi mwangu."

"Nitamrudisha."

"Mzima, baba watoto."

"Nimesikia, mama."

SIKU MBILI KABLA. Asubuhi.

Walilijaribu kwenye barabara ya machimboni. Spana akakanyaga. Kimya. Kiranja akafungua mdomo kulalamika, na hapo turbo ikapiga mluzi, gari likaruka kama limechomwa sindano, mdomo ukajifunga wenyewe.

"Mbona inachelewa kuamka?" aliuliza baadaye, akijipapasa kisogo.

"Ndivyo ilivyo. Unakanyaga, inafikiri kidogo, halafu inakurupuka."

Kiranja akazunguka gari, mikono nyuma, kama anakagua bweni. Akasimama.

"Nini hiki?"

Nyuma, juu ya injini, palikuwa na bomba nene lililochomelewa kutoka upande hadi upande.

"Mkia. Gari la mbio bila mkia, upepo unalinyanyua."

"Na hii raba?"

Bomba lilikuwa limeviringishwa tyubu ya baiskeli, zamu tatu, limekazwa kwa waya.

"Lisipige kelele."

"Na hili la chini?"

"Bampa."

Bampa ilikuwa pana, bapa, ingetosha viatu viwili vikubwa. Kiranja akaafiki kwa kichwa, kwa busara. Kama viranja wote, aliogopa jambo moja tu duniani: kuonekana hajui.

SIKU YENYEWE. Saa sita kasoro robo.

Shemeji alitangulia kwa miguu. "Asivutie macho," alisema Kiranja. Alisimama kando ya duka la sonara akitazama vioo, mpana kama kabati, havutii macho hata kidogo.

Spana aliegesha. Injini ikanguruma taratibu. Mgongo ulimuuma palepale pa siku zote.

SAA SITA.

Kiranja akaingia. Shemeji nyuma yake.

Ukelele mmoja. Kitu kikavunjika. Geti likashuka kwa kishindo, likakwama nusu njia, juu ya mabega ya Shemeji. Magoti yake yakakunjika, yakanyooka. Kiranja akapita chini ya kwapa, begi kifuani, akajitupa garini.

"Ondoa!"

"Shemeji bado."

"Hesabu viti, Spana."

"Nilishahesabu."

Mdomo wa bastola ukamgusa mbavuni. "Basi ondoa."

Akaondoa. Gia ya kwanza, mguu laini kama anamvuka mtoto aliyelala. Kwenye kioo alimwona Shemeji akilikwepa geti, akisimama wima, akiliona gari likienda. Uso wake haukushangaa. Hapo ndipo Spana alipoumia.

Akatoa mkono dirishani, akaupiga ubavu wa gari mara mbili, vile wachukuzi wa sokoni wanavyoitana kusukuma mkokoteni. Shemeji akakimbia. Nyuma ya gari ikazama. Raba ya mkia ikalia.

"Nini hicho?" Kiranja akauliza.

"Upepo."

Kiranja akageuka. Kwenye kioo cha nyuma kilijaa kidevu cha Shemeji, kinahema.

"Mwangushe! Kanyaga!"

"Nikikanyaga, turbo itakurupuka. Hatashika."

"Ndiyo maana yake!"

King'ora kikalia mbali, kikakaribia. Spana hakukanyaga. Aliendesha kama amepakia mayai. Wiki nzima ya kuchomelea, injini ya kukimbiza upepo, na mwendesha baiskeli mmoja akawapita, akawasalimia. Konokono alikuwa amelala kule nyuma, na Spana akimwomba kimoyomoyo asiamke.

"Basi mimi nitamwangusha," Kiranja akasema. Akageuza bastola nyuma.

Spana akamsukuma kiwiko. Risasi ikatoka, kioo kikamwagika, Shemeji akainama. Kipozeo kikatoboka. Fyuuu, ndefu, kama mzee anayekaa kitini. Mbele yao pikipiki mbili za polisi zikaziba njia.

Spana akasimamisha gari. Kiranja akafungua mlango wa homa, ukabaki mkononi, akautupa, akatimua mbio. Lakini dhahabu ni nzito, na mtu mzima ni mtu mzima. Walimkamata kwenye kona akitapika. Wakamuuliza swali moja tu, akawataja wenzake wote wawili, jina, la baba na la babu. Kazi aliyoianza darasani aliimalizia barabarani.

SAA SABA HIVI.

Karandinga la polisi lilikuwa na mabenchi marefu pande zote mbili. Shemeji akasimama mlangoni, viganja vimechubuka, akanyoosha mkono uliofungwa pingu, na wa pili ukafuata kwa lazima.

"Afande. Nikae wapi?"

"Popote. Hujaona nafasi?"

Shemeji akakaa kando ya Spana, benchi likalalamika. Safari ikaanza. Nje, kupitia kioo cha nyuma cha karandinga, gari la faibaglasi lilizidi kuwa dogo, mlango mmoja chini, mkia juu.

"Shemeji."

"Naam, Shemeji," Spana akaitika.

"Ule mkia ulikuwa wa upepo kweli?"

"Wa upepo."

Shemeji akatafakari, akaridhika. Akaegemeza kichwa begani kwa Spana, na kabla ya kona ya pili alikuwa anakoroma. Spana alimkagua kwa macho, kama anavyokagua gari kabla ya kulikabidhi: mikono miwili, miguu miwili, kichwa. Mzima.

Bega lilianza kufa ganzi. Hakulisogeza mpaka kituoni.