Namba 412

Kadi ilikuwa na mwandiko wa Kemboi, lakini hakuiandika yeye: "412. Mwanamke. Ukucha wa gumba."

Mwaka 1956 Kemboi alikuwa akijifunza kutunza mifupa ya makaburi ya kale katika ghala moja karibu na Rongai. Mzee Ogola, mwalimu wake, alimwonyesha kuandika namba juu ya kila mfupa kwa wino mweusi, kuifunika kwa vanishi, kisha kujaza kadi. "Chenye namba ni cha ghala," alisema Ogola. "Usisahau."

Jumapili, nyumbani, mkewe Jeruto alikuwa amemcheka. "Kazi gani hiyo ya kuandikia mifupa? Niandike mimi basi, tuone!" Akanyoosha gumba. Kemboi akaandika ukuchani namba iliyofuata, akaipaka vanishi, wakacheka hadi chai ikapoa.

Jumatatu ndipo kadi ilipoonekana. Jeruto alinuka jivu lililolowa. Kila asubuhi kadi iliongezwa mstari: nywele, meno; na kila kilichoandikwa kilimtoka Jeruto. Siku ilipoandikwa "sauti", Jeruto alifungua mdomo, pasitoke kitu.

"Umemkabidhi jini mkeo," Ogola alinong'ona. "Yuko humu tangu kaburi la mwanamke mmoja lifunguliwe. Kwangua namba hiyo, uiandike kwenye taya la yule mwanamke. Ndilo lililokuwa na zamu ya namba hiyo."

"Na kama tumechelewa, mzee?"

"Kimbia, bwana!"

Kemboi alikwangua ukucha kwa wembe huku Jeruto akilia bila sauti, akarudi mbio ghalani na damu vidoleni, akaandika 412 kwenye taya, akapaka vanishi, akafunga droo, na alipofika nyumbani jioni akamkuta Jeruto amekaa wima, anakula ugali kwa pupa, meno yote kinywani, na gumba lake halina hata alama ya wembe.

"Umepona?" aliuliza Kemboi.

Mwanamke alitabasamu. Bado alinuka jivu.

Asubuhi, ndani ya droo, sauti ya Jeruto ilisema, "Kemboi, huku ni giza. Nitoe."

Alishika wembe. Alipougusisha kwenye taya, taya likatoka damu, na sauti ikapiga yowe. Ogola akamkamata mkono.

"Utamuua. Amebaki hapo tu."

"Na yule wa nyumbani?"

Ogola alitazama kadi. Chini ya "sauti" paliandikwa, kwa mwandiko uleule: "Imekamilika."

"Kemboi? Uko hapo?" sauti iliita kutoka droo.

Kemboi alifunga droo polepole, kama mlango wa mgonjwa aliyelala. Nyumbani, chai ilikuwa tayari.